Mabingwa Wawili wa Ulaya: Kisa cha Msimu wa 2000–2001 wa Mpira wa Kikapu

Mtu anayetafuta jina la bingwa wa Ulaya wa mpira wa kikapu wa klabu kwa mwaka 2001 hukuta majina mawili: Kinder Bologna ya Italia, iliyotwaa kombe tarehe 10 Mei, na Maccabi Tel Aviv ya Israeli, iliyotwaa kombe jingine tarehe 13 Mei. Timu hizo hazikutoka sare wala hazikugawana ubingwa kwa makubaliano, na katika msimu wote ule hazikukutana hata mara moja katika mashindano ya Ulaya. Shabiki wa ndondi hatashangaa, kwa kuwa amezoea kuona mabondia watatu au wanne wa uzito mmoja wakijiita mabingwa wa dunia kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na mkanda wa chama chake. Katika mpira wa kikapu wa Ulaya, hata hivyo, jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu Kombe la Mabingwa lilipoanza kuchezwa mwaka 1958. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba upande ulioshinda mgogoro ule haukushinda kwa sababu mpira wake ulikuwa bora zaidi, na kwamba mara tu ulipokwisha kushinda ulichukua kanuni ya upande ulioshindwa na kuiacha yake, jambo ambalo limebadili sura ya ubingwa wa Ulaya kuliko mgogoro wenyewe.

Kwa zaidi ya miaka 40 Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, yaani FIBA, ndilo lililomiliki na kuendesha mashindano ya mabingwa wa Ulaya. Shirikisho lilipanga ratiba, likateua waamuzi, likajadiliana na vituo vya televisheni, na klabu zikaingia uwanjani kama wageni waalikwa. Utaratibu huo ulifaa wakati wachezaji wengi walikuwa nusu waajiriwa na nusu wanamichezo wa ridhaa, lakini katika miaka ya 1990 klabu kubwa zilikuwa zimekwisha kuwa biashara kamili. Hukumu ya kesi ya Bosman ya Desemba 1995, ingawa ilihusu mwanasoka, ilifungua milango ya uhamisho kwa wachezaji wa michezo mingine pia, na mishahara ikapanda. Klabu ilimlipa mchezaji, ikagharimia safari, ikakodi uwanja, kisha mapato ya matangazo yakajadiliwa na watu ambao hawakuwa na mzigo wowote kati ya hiyo.

Ligi za Hispania, Italia na Ufaransa zilikuwa zimeanza kuzungumza pamoja tangu mwaka 1991, zilipounda muungano wa ligi za Ulaya ujulikanao kwa kifupi kama ULEB. Kwa miaka kadhaa muungano huo ulikuwa chombo cha kutoa malalamiko tu. Mwaka 2000 ukageuka kuwa mshindani. Iliundwa kampuni ya kuendesha mashindano, ikiongozwa na Jordi Bertomeu aliyetoka katika uongozi wa ligi ya Hispania, na nyuma yake ikasimama fedha ya Telefónica, kampuni kubwa ya simu ya nchi hiyo hiyo. Ilitangazwa kwamba klabu zitakuwa na mashindano yao wenyewe, nje ya mamlaka ya FIBA.

Hapa ndipo panapopatikana kipengele ambacho mimi nakiona kuwa kiini cha kisa chote, ingawa kwa kawaida hutajwa kama kichekesho cha pembeni. FIBA ilikuwa imeanza kuyaita mashindano yake EuroLeague mwaka 1996. Katika miaka minne iliyofuata jina hilo lilichapishwa kwenye tiketi, mabango na fulana, likazoeleka midomoni mwa watangazaji, lakini hakuna aliyekwenda kulisajili kama alama ya biashara. Kampuni mpya ilipolichukua, FIBA ilijikuta haina haki ya kisheria ya kulidai. Mwenye nyumba alitoka nje kwa muda mfupi, na aliporudi akakuta mlangoni pana jina la mpangaji. Shirikisho lililoanzishwa mwaka 1932, lenye wanachama duniani kote, likalazimika kubuni jina jingine kwa haraka, nalo likawa SuproLeague, neno ambalo hakuna shabiki aliyeliomba na ambalo halikudumu zaidi ya msimu mmoja.

Klabu zilipaswa kuchagua upande, na mgawanyiko haukufuata mipaka ya nchi. Wahispania wakubwa wote walikwenda na kampuni mpya: Real Madrid, Barcelona, TAU Cerámica ya Vitoria na Estudiantes. Italia nayo ilitoa klabu mbili za Bologna pamoja na Benetton Treviso na Verona, huku Pesaro ikibaki kwa FIBA. Kwingine ndugu walitengana. Huko Ugiriki, Olympiacos, AEK na Peristeri walihama, lakini Panathinaikos, aliyekuwa bingwa mtetezi wa Ulaya, akabaki. Huko Israeli, Hapoel ya Jerusalem ilikwenda huku Maccabi ikikaa. Frankfurt ilihama, Alba Berlin haikuhama. Charleroi ilihama, Oostende haikuhama. Cibona na Zadar za Kroatia zilihama, Split haikuhama. Olimpija ya Ljubljana ilihama, Krka ya Novo Mesto haikuhama. Uturuki ilibaki kwa FIBA kupitia Efes Pilsen na Ülker, na CSKA Moscow vilevile. La kushangaza ni Ufaransa, ambayo ligi yake ilikuwa miongoni mwa waasisi wa ULEB, ilhali klabu zake zenye nguvu, ASVEL na Pau-Orthez, zilicheza SuproLeague. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka huo kila fahali alijijengea zizi lake, kisha wakagawana ng'ombe wa familia moja.

Mashindano ya kampuni mpya yalianza tarehe 16 Oktoba 2000 mjini Madrid, ambako Real Madrid iliifunga Olympiacos. Yalikuwa na timu 24 katika makundi manne ya timu sita sita. Timu nne za juu za kila kundi zilisonga mbele, na kuanzia hapo kanuni ikawa ya Kimarekani kwa makusudi: hatua ya 16 bora na robo fainali zilichezwa kwa mfululizo wa michezo mitatu, nusu fainali na fainali kwa mfululizo wa michezo mitano, mshindi akiwa ni yule anayetangulia kushinda mitatu. SuproLeague kwa upande wake ilikuwa na timu 20 katika makundi mawili ya timu kumi kumi, na ilihifadhi urithi ambao Ulaya ilikuwa imeuzoea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, yaani Nne Bora: timu nne zilizosalia hukusanyika katika mji mmoja, nusu fainali huchezwa kwa siku moja, na bingwa hupatikana kwa mchezo mmoja tu.

Tofauti hiyo ya kanuni si jambo la waandaaji wa ratiba peke yao. Mfululizo wa michezo mitano humpa kila mwenye uwanja mapato ya milango yake na huwapa televisheni usiku mwingi wa kurusha matangazo, tena hupunguza nafasi ya bahati. Mchezo mmoja katika uwanja wa mji wa tatu hufanya kinyume chake: huikaribisha bahati, huku ukikusanya macho ya bara zima mahali pamoja. Kampuni iliyoasi kwa ajili ya mapato ya klabu ilikuwa na kila sababu ya kuchagua mfululizo.

Katika mashindano hayo mapya Bologna ilikuwa kama mji wenye sherehe mbili nyumba jirani. Kinder, ambayo jina lake la kuzaliwa ni Virtus, na Fortitudo, ambayo mwaka huo iliitwa Paf kwa jina la mdhamini wake, zote zilifika nusu fainali na zikapangiwa kukutana. Fortitudo ilikuwa na Carlton Myers, aliyekuwa amebeba bendera ya Italia katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney miezi michache kabla, pamoja na Gregor Fučka. Haikuwasaidia, kwani Kinder ilishinda michezo mitatu kwa bila. Upande wa pili TAU Cerámica iliifanyia AEK vivyo hivyo.

Kinder ya kocha Ettore Messina ilikuwa imeingia msimu ikiwa na pengo kubwa, kwa kuwa nyota wake Predrag Danilović alikuwa amestaafu mwanzoni kabisa. Pengo hilo lilizibwa na kijana wa Kiargentina aliyekuwa amesajiliwa kutoka Reggio Calabria, Emanuel Ginóbili, akisaidiana na Mfaransa Antoine Rigaudeau, Marko Jarić, Mslovenia Matjaž Smodiš na Rashard Griffith chini ya kikapu. Vitoria, chini ya Duško Ivanović, ilikuwa na Mmarekani Elmer Bennett kama mchezeshaji, na wenzake Ginóbili wawili kutoka Argentina, Luis Scola na Fabricio Oberto. Watatu hao walivaa jezi moja miaka mitatu baadaye mjini Athens na kutwaa dhahabu ya Olimpiki, hivyo mtu anayeitazama fainali ile leo huona mambo ambayo watazamaji wa wakati ule hawakuweza kuyaona.

Fainali yenyewe inastahili kuangaliwa mchezo kwa mchezo, kwa sababu ndiyo ushahidi wa hoja yangu. Mchezo wa kwanza ulichezwa Bologna, na TAU ikaushtua mji kwa kushinda 78 kwa 65. Wa pili, papo hapo Bologna, Kinder ilijibu kwa 94 kwa 73. Walipohamia Vitoria, katika Nchi ya Basque, Kinder ilishinda ugenini 80 kwa 60, na wengi wakadhani kazi imekwisha. Lakini katika mchezo wa nne TAU ikafufuka kwa 96 kwa 79. Mchezo wa tano ukarudi Bologna tarehe 10 Mei, Kinder ikashinda 82 kwa 74, na Ginóbili akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Ukijumlisha pointi za usiku wote tano, Kinder ilifunga 400 na TAU 381. Tofauti ni pointi 19, ingawa mchezo uliokuwa wa karibu kuliko yote uliamuliwa kwa pointi nane. Ndivyo mfululizo ulivyo: timu hupigwa vibaya, hulala, huamka, hurekebisha makosa na kupiga.

Kama fainali hiyo ingechezwa kwa mchezo mmoja, na mchezo huo ukawa ule wa kwanza, bingwa angekuwa TAU, na jina la Vitoria lingekuwa katika orodha ambayo hadi leo halimo. Hili silisemi ili kuidharau Kinder, ambayo msimu huo ilitwaa pia ligi ya Italia na Kombe la Italia na kukamilisha mataji matatu. Nalisema kwa sababu watu hudhani kanuni hupima ubora uliokwishakuwapo, kumbe kanuni nayo hushiriki katika kumteua bingwa.

Kombe la pili liliamuliwa mjini Paris, katika ukumbi wa Bercy, kati ya tarehe 11 na 13 Mei. Timu nne zilizofika huko zingetosha kuyapa heshima mashindano yoyote. Panathinaikos ya kocha Željko Obradović na Dejan Bodiroga iliitoa Efes Pilsen kwa 74 kwa 66, na Maccabi ya kocha Pini Gershon ikaitoa CSKA Moscow, iliyokuwa na Andrei Kirilenko, kwa 86 kwa 80. Fainali ikawa marudio ya ile ya mwaka uliotangulia mjini Thessaloniki, ambako Panathinaikos ilishinda 73 kwa 67. Safari hii Maccabi ilishinda 81 kwa 67, na Ariel McDonald akawa mchezaji bora.

Kwa watu wa Tel Aviv ushindi huo haukuwa wa daraja la pili hata kidogo. Mara ya mwisho walikuwa wametwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1981, na tangu hapo walikuwa wamepoteza fainali tano: 1982, 1987, 1988, 1989 na 2000. Mtu aliyesubiri miaka 20 haulizi kombe limechongwa na chama gani. Lakini wapinzani waliuliza, na swali lao lilikuwa na uzito: unawezaje kuwa bingwa wa Ulaya bila kucheza na Mhispania yeyote mkubwa, wala na klabu yoyote ya Bologna? Swali hilo, hata hivyo, ni upanga wenye makali mawili. Kinder nayo haikucheza na Panathinaikos, Maccabi, CSKA wala Efes, na kati ya timu hizo mbili za mwanzo ndimo walimokuwa wacheza fainali wote wa Ulaya wa mwaka 2000. Mwenye kudai kwamba kombe la Bologna lilikuwa zito kuliko la Paris anapaswa kueleza ni kwa kipimo gani, na mimi sijaona kipimo hicho kikitolewa zaidi ya jina lililoandikwa juu ya kombe.

Msimu ulipokwisha hapakuwa na mtu aliyetaka uendelee hivyo. Wadhamini walikuwa wananunua nusu ya bara kwa bei ya bara zima, na watazamaji walikuwa wanaombwa kufuata ratiba mbili. Mazungumzo ya kiangazi cha 2001 yaliishia kwa mashindano ya pamoja yenye timu 32 katika makundi manne ya timu nane nane, chini ya uendeshaji wa kampuni na kwa jina la Euroleague. Klabu zilizokuwa zimebaki na FIBA, zikiwemo Maccabi, Panathinaikos, CSKA na Efes, zilijiunga. SuproLeague ikafa ikiwa na umri wa msimu mmoja.

Kwa nini FIBA ilisalimu amri, ilhali ilikuwa na mabingwa watetezi na mabingwa wapya pia? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni fedha ya televisheni, nayo ni kweli kwa sehemu. Naona sababu ya ndani zaidi ni jinsi kila upande ulivyojengwa. Kampuni ilikuwa imeshikilia ligi: Hispania yote iliyo nzito na karibu Italia yote, yaani nchi mbili zilizokuwa na ushindani mkali wa ndani na viwanja vinavyojaa kila wiki. FIBA ilikuwa imeshikilia klabu mojamoja, kila moja kubwa katika nchi yake na yenye sababu zake za kubaki. Kikundi cha aina ya kwanza ni vigumu kukivunja, kwa kuwa anayeondoka anawaacha majirani anaocheza nao kila Jumapili. Cha aina ya pili kinavunjika kwa mazungumzo na mtu mmoja mmoja. Juu ya hayo, jina lilikuwa limekwenda, na kila siku iliyopita lilizidi kuzoeleka kwa mmiliki wake mpya. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo linalohusu nani alirusha mpira vizuri zaidi.

Ushahidi wa uwanjani ulikuja mwaka uliofuata. Timu nne za mwisho za msimu wa 2001–2002 zilikuwa Kinder Bologna na Benetton Treviso, zote za upande ulioasi, pamoja na Maccabi na Panathinaikos, zote za upande wa FIBA. Wawili kwa wawili. Si uthibitisho kamili, kwa kuwa vikosi hubadilika kila kiangazi, lakini ni kipimo pekee cha haki tulichonacho, nacho kinakubaliana na uamuzi wa watunza kumbukumbu wa leo wanaoziandika klabu zote mbili kuwa mabingwa wa 2001. Maccabi huhesabu taji hilo miongoni mwa mataji yake sita, na Virtus huliweka pamoja na lile la 1998.

Na timu hizo nne za 2002 zilikutana wapi? Katika Nne Bora. Kampuni iliyokuwa imeanzisha mfululizo wa michezo mitano kwa fahari, na iliyokuwa imeuona mfululizo huo ukitoa fainali ndefu na yenye mabadiliko kuliko zote zilizotangulia, iliuacha baada ya msimu mmoja na kurudi kwenye tamasha la mwisho wa juma la mahasimu wake wa jana. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa kibiashara na wenye akili, kwa sababu mji mmoja uliojaa mashabiki wa nchi nne huuzika kuliko michezo mitano inayohama kati ya miji miwili ya wastani. Lakini ni vema kuuita kwa jina lake. FIBA ilipoteza mashindano, na wazo lake likabaki kuyaendesha.

Mwenyeji wa Nne Bora hiyo alikuwa Bologna. Kinder ilicheza fainali katika ukumbi ule ule ilikotwaa kombe mwaka mmoja kabla, ikiwa na Messina yule yule benchi na Ginóbili yule yule uwanjani, mbele ya mashabiki wake, dhidi ya Panathinaikos ya Obradović na Bodiroga. Panathinaikos, timu iliyokuwa imefungwa na Maccabi mjini Paris, ilishinda 89 kwa 83 na kuondoka na kombe usiku huo huo. Chini ya kanuni ambazo Kinder ilitwaa nazo ubingwa wa 2001, huo ungekuwa mchezo wa kwanza tu kati ya mitano.